Uzito wa Namba Mbili: Kisa cha Hasheem Thabeet

Ubishi kuhusu Hasheem Thabeet huanza kwa namna ileile kila mara: mtu mmoja hutaja orodha ya drafti ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, yaani zamu ambayo timu huchagua wachezaji wapya mmoja baada ya mwingine. Blake Griffin, Thabeet, James Harden, Tyreke Evans, Ricky Rubio, Jonny Flynn, Stephen Curry. Wapo wapenzi wa mpira wa kikapu Dar es Salaam wanaoikariri orodha hiyo ya Juni 25, 2009 kama wazee wanavyokariri kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Lagos mwaka 1980, ila hawa huikariri kwa uchungu. Jina la kijana wao limekaa kati ya Griffin, aliyekuja kuitwa mara sita kwenye Mchezo wa Nyota, na Harden, aliyetwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Na nafasi tano chini yake yupo Curry, aliyeichukua tuzo hiyohiyo mara mbili mfululizo, 2015 na 2016.

Orodha ikishasomwa, benchi hugawanyika. Upande mmoja husema Thabeet alionewa: alipelekwa kwenye timu isiyomhitaji, akanyimwa dakika, kisha akaondolewa kabla hajakomaa. Upande wa pili husema hakuwa na lolote zaidi ya urefu wake wa mita 2.21, na kwamba Memphis Grizzlies, timu iliyomchagua, ilinunua ngazi ikidhani imenunua nyumba. Katikati hukaa wale wanaorudia kuwa alianza kucheza akiwa na miaka 15, hivyo asingeweza kushindana na watu walioshika mpira tangu utotoni. Nimeyasikia maneno haya kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa muda mrefu nilikaa upande wa kwanza kwa ukaidi ambao, nikisema kweli, haukuwa na msingi mwingine zaidi ya utaifa.

Leo sikai huko, wala sijahamia upande wa pili. Ninachokiona ni kwamba karibu kila anayebishana huichukua namba mbili, yaani nafasi aliyochaguliwa, kama kipimo cha mchezaji, wakati namba hiyo ilikuwa kipimo cha matumaini ya timu iliyomchagua. Ukiiweka pembeni, kisa hubadilika sura. Hubaki kisa cha mchezaji wa kawaida aliyekuwa na kipaji kimoja kikubwa, aliyekutana na kanuni ngeni ya ulinzi, na ambaye mambo yake yaliamuliwa katika msimu wake wa pili, si katika usiku ule ambao kwa saa za Tanzania ulikuwa usiku wa manane kuamkia tarehe 26, watu wakisubiri David Stern, aliyekuwa kamishna wa NBA, atamke jina la Mtanzania wa kwanza kuingia NBA.

Alichokuwa Connecticut

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 16, 1987. Alikwenda Marekani akiwa mwanafunzi wa sekondari, akasoma Houston, Texas, katika shule ya Cypress Community Christian, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Chuo hicho kilikwishazoea kutoa masenta wa ulinzi, yaani wachezaji warefu wanaolinda karibu na ringi. Emeka Okafor alitoka hapo akachaguliwa naye namba mbili mwaka 2004. Wasaka vipaji waliofika kumtazama Thabeet walijua wanatafuta nini, na walidhani wanajua kinavyofanana.

Katika mwaka wake wa tatu, msimu wa 2008-09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, rebaundi 10.8, yaani mipira iliyokosa ringi akainasa, na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa kila mechi. Mwezi Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua rebaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Alikuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East kwa miaka miwili mfululizo, na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, ambako ilifungwa na Michigan State kwa 82-73. Hesabu ya mitupo iliyozuiwa, kubwa kama ilivyo, haionyeshi mitupo ambayo haikutupwa kabisa. Ukitazama mechi zile leo utaona mchezaji wa upande wa pili anapita mlinzi wake, anafika hatua mbili kutoka kwenye ringi, ananyanyua macho, kisha anageuza mpira kuurudisha nje kama mtu aliyefungua mlango akakuta mbwa. Huo ndio ulikuwa ubora wa Thabeet, na anayesema hakuwa na lolote hajautazama.

Ipo, hata hivyo, mechi moja ambayo sharti iwekwe mezani. Februari 16, 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, Connecticut iliyokuwa inashika nafasi ya kwanza nchini iliwakaribisha Pittsburgh mjini Hartford. Senta wa Pittsburgh, DeJuan Blair, alikuwa mfupi kwake kwa takribani sentimita 20. Mapema katika mechi, mikono yao inanasana wakigombea rebaundi. Blair anainama kidogo, anavuta, na Thabeet anapita juu ya bega lake kama gunia la mkaa linaloshushwa kutoka kwenye lori, hadi sakafuni. Kipande hicho cha video nimekitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Watu hucheka anapoanguka, lakini linalostahili kutazamwa ni lile la nusu sekunde kabla: miguu ya Blair imetanuka na magoti yamekunjika, ilhali ya Thabeet imenyooka na visigino vimekaribiana, kana kwamba amesimama kwenye foleni ya daladala. Pittsburgh walishinda 76-68. Blair alifunga pointi 22 na kuchukua rebaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na rebaundi 4.

Mwisho wa msimu ligi iliwapa wote wawili tuzo ya mchezaji bora kwa pamoja. Miezi michache baadaye, Blair, ambaye madaktari waligundua kuwa magoti yake yote mawili hayana kano muhimu ya katikati, alisubiri hadi namba 37. Thabeet alikwenda namba mbili. Timu zilikuwa zimepima urefu, mabawa ya mikono na magoti. Mkao wa miguu wa mchezaji anayesukumwa haukuwa na safu yake kwenye karatasi.

Vikombe vya kahawa

Aliyenifungua macho kuhusu kanuni alikuwa mzee mmoja aliyewahi kupuliza filimbi kwa miaka mingi katika mechi za mkoa. Jioni moja, kwenye benchi la kahawa jirani na uwanja wa wazi Upanga, ubishi wa Thabeet ulikuwa umewaka kama kawaida, na kijana mmoja alikuwa akisisitiza kwamba mtu aliyezuia mitupo minne kwa mechi chuoni hawezi kusahau kazi yake kwa kupanda ndege tu. Mzee aliomba vikombe vitupu. Akaweka kipande cha kashata juu ya benchi, akasema hiyo ni ringi, na kikombe kimoja akakisimamisha mbele yake.

"Huyu ni Hasheem. Chuoni anakaa hapa, hatoki. Kosa liko wapi?"

"Hakuna kosa, mzee," kijana alijibu. "Sekunde tatu ni za mshambuliaji."

"Kwetu hakuna kosa, mwanangu. Kule ni kosa."

Jambo hili ni dogo kulieleza, lakini kwa mtazamaji wa Tanzania linapotea kirahisi, kwa sababu ligi zetu hufuata kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, na katika kanuni hizo, kama ilivyokuwa katika vyuo vya Marekani, sekunde tatu za kukaa eneo la chini ya ringi humfunga anayeshambulia peke yake. Anayelinda anaweza kujenga kibanda pale. NBA, ilipolegeza kanuni za ulinzi wa kanda kuanzia msimu wa 2001-02, iliweka papo hapo kizuizi kwamba mlinzi asikae katika eneo hilo zaidi ya sekunde tatu ikiwa hana mpinzani anayemkaba kwa ukaribu wa mkono. Akikaa, wapinzani hupewa mtupo huru mmoja na kubaki na mpira. Kwa senta ambaye thamani yake yote ilikuwa kusimama mahali pamoja na kuufanya ukanda mzima uogopwe, hiyo ilikuwa sawa na kumwambia golikipa asikae golini mfululizo.

Mzee akaendelea. Alichukua vikombe viwili vya upande wa pili, kimoja akakiweka mbali na kashata, kingine akakisogeza kuweka skrini, yaani kusimama njiani ili mlinzi wa mwenye mpira agongane naye. Kikombe cha Hasheem sasa kililazimika kuchagua: kitoke nje kumfuata mwenye mpira, au kibaki na kumwachia nafasi ya kutupa. Katika msimu wa mwisho wa Thabeet chuoni, mstari wa pointi tatu wa vyuo ulikuwa mita 6.32 kutoka kwenye ringi. Ule wa NBA, ukiacha pembeni unakokaribia zaidi, uko mita 7.24. Karibu mita moja imeongezeka katika kwenda, na karibu nyingine katika kurudi, na shambulizi ambalo chuoni lilikuwa na sekunde 35 NBA linamalizika katika 24, maana yake safari hiyo inafanywa mara nyingi zaidi, kwa haraka zaidi, dhidi ya watu wenye kasi zaidi. Mzee alikisukuma kikombe nje, akakirudisha, akakisukuma tena, hadi kikaanguka. Nadhani kilianguka kwa bahati mbaya, lakini benchi zima lilikubali kuwa ni ushahidi.

Mchezaji anayechelewa nusu hatua katika safari hiyo hujikuta anafika mwili wa mpinzani ukiwa tayari umeruka, na hapo hazuii mtupo, anafanya faulo. Ndicho kilichomkuta Thabeet. Dakika zake za NBA zilikuwa chache, na hata hizo alizozipata alizitumia akiwa na makosa yaliyokuwa yakijaa haraka kama kibaba chini ya bomba, hivyo kocha aliyetaka kumwacha uwanjani ajifunze alilazimika kumrudisha benchi asije akamaliza makosa yake yote kabla ya mapumziko.

Memphis ilikuwa inatafuta nini

Wanaosema alionewa huanzia hapa, na katika hili wana hoja, ingawa si ile wanayoitaja. Grizzlies walikuwa wametoka katika msimu wa kushinda mechi 24 na kupoteza 58. Nafasi za nje zilikuwa zimejaa vijana waliochaguliwa juu katika miaka iliyotangulia: Rudy Gay mwaka 2006, Mike Conley mwaka 2007, na O.J. Mayo mwaka 2008. Rubio, Mhispania aliyetajwa na wengi kuwa kipaji cha pili cha mwaka ule, iliripotiwa kuwa upande wake haukuwa na hamu ya kwenda Memphis, na kwa kweli alibaki Hispania hadi mwaka 2011. Ukiwa na wachezaji wa nje wa kutosha, na mchezaji mmoja amekukataa, kijana wa mita 2.21 anayetisha ringi haonekani kuwa chaguo la kichaa. Wanaomcheka meneja Chris Wallace kwa kumwacha Curry husahau kwamba timu nyingine nne nazo zilimwacha, na Minnesota Timberwolves ilichagua wachezeshaji wawili mfululizo, namba tano na namba sita, na wote wawili hawakuwa yeye.

Kasoro ilikuwa kwamba Memphis tayari ilikuwa na senta. Marc Gasol, katika msimu wake wa kwanza wa 2008-09, alikuwa amefunga wastani wa pointi 11.9 na kuchukua rebaundi 7.4, naye alikuwa na miaka 24 tu. Mwezi Julai 2009, wiki chache baada ya drafti, timu ikamleta Zach Randolph kutoka Los Angeles Clippers. Kuanzia siku hiyo eneo la ndani lilikuwa na wenyewe. Kocha Lionel Hollins aliipandisha timu kutoka ushindi wa mechi 24 hadi 40 kwa mwaka mmoja, na kocha anayeonja ushindi baada ya njaa ya namna hiyo hatoi dakika zake kwa ajili ya masomo ya mtu. Mimi simlaumu Hollins. Namlaumu aliyekaa ofisini, aliyechagua mradi wa miaka mitatu na kumkabidhi kwa kocha aliyehitaji matokeo ya wiki.

Msimu wa kwanza Thabeet alicheza mechi 68, akaanza 13, kwa wastani wa dakika 13.0, pointi 3.1, rebaundi 3.6 na mitupo 1.3 iliyozuiwa. Februari 25, 2010 alishushwa kwenye ligi ya maendeleo, ligi ndogo ambako NBA huwanoa wachezaji, katika timu ya Dakota Wizards. Hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko, na habari hiyo ndiyo iliyoandikwa kila mahali, kwa sababu ya namba yake. Angekuwa amechaguliwa namba 30, ingekuwa safari ya kawaida ya kazi.

Takwimu mbili za msimu wa kwanza

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa maana ndicho kiini cha uchambuzi huu. Mwaka 2013 senta mmoja kutoka Ufaransa mwenye urefu wa mita 2.16 alichaguliwa namba 27, akaishia Utah Jazz. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 45 kwa wastani wa dakika 9.6, akafunga pointi 2.3, akachukua rebaundi 3.4 na kuzuia mitupo 0.9. Naye alishushwa kwenye ligi ya maendeleo, katika timu ya Bakersfield Jam. Jina lake ni Rudy Gobert, na ameshachukua tuzo ya mlinzi bora wa NBA mara nne, 2018, 2019, 2021 na 2024.

Ukizichukua takwimu za wote wawili na kuzigeuza kuwa za dakika 36, Thabeet alizuia mitupo 3.6 katika msimu wake wa kwanza, na Gobert 3.4. Kwa kipimo hicho cha kazi yao kuu, mtu aliyefunikwa macho asingeweza kusema yupi ni yupi. Ilhali mmoja alimaliza msimu wake akiitwa hasara ya taifa zima, na mwingine alimaliza bila hata kutajwa, jambo ambalo kwa kijana anayejifunza ni neema kubwa.

Tofauti ilikuja mwaka wa pili. Utah ilimtazama Gobert akikua hadi Februari 2015, ikamuuza Enes Kanter, senta aliyekuwa mbele yake, kisha ikampa nafasi. Memphis ilifanya kinyume: katika msimu wa 2010-11 dakika za Thabeet zilishuka kutoka 13.0 hadi 8.2 kwa mechi, akicheza mechi 45, akifunga wastani wa pointi 1.2, huku akigombea hata nafasi ya akiba na Hamed Haddadi, senta wa Iran ambaye hakuwahi kuchaguliwa katika drafti yoyote. Hakuna aliyeuzwa kumpisha Thabeet, na asingeuzwa, kwa sababu aliyekuwa mbele yake alikuwa Marc Gasol.

Sasa, ningekuwa bado nakaa kwenye upande wa utaifa ningeishia hapo, na hoja ingeonekana imekamilika. Lakini haijakamilika. Gobert hakungoja mlango ufunguliwe akiwa amekaa vilevile. Alirudi mwaka wa pili akiwa anashuka magoti, anapokea pasi katikati ya msongamano na kumalizia, anatoka hadi kwenye mstari na kurudi kwa wakati. Mikono ya Thabeet, kwa upande mwingine, iliendelea kuwa tatizo. Pasi fupi alizopewa akielekea kwenye ringi zilimponyoka, na mchezeshaji akishaona pasi zake mbili tatu zimepotea namna hiyo huanza kuzipeleka kwingine bila kuambiwa na mtu. Mkao wake ulikuwa bado ule wa Hartford. Kwamba alipewa dakika chache za kurekebisha ni kweli, na kwamba mambo mengi kati ya hayo hurekebishwa mazoezini, bila watazamaji, nayo ni kweli. Nikilazimishwa kugawa lawama, naipa ofisi ya Memphis fungu kubwa, lakini fungu linalobaki si la kocha wala la Waamerika.

Na ile hoja ya kuanza akiwa na miaka 15 naipitia haraka, kwa sababu haisimami. Hakeem Olajuwon alilelewa Lagos akicheza soka na mpira wa mikono, akakutana na kikapu akiwa katika umri huohuo wa ujana, na mwaka 1984 akachaguliwa namba moja. Joel Embiid wa Kamerun naye alianza katika umri wa namna hiyo, akachaguliwa namba tatu mwaka 2014. Kuchelewa kuanza hueleza kwa nini mchezaji ana mengi ya kujifunza. Hakuelezi kwa nini hakuyajifunza.

Safari baada ya Memphis

Februari 24, 2011 Memphis ilimpeleka Thabeet Houston Rockets, pamoja na DeMarre Carroll na haki ya chaguo la raundi ya kwanza, ikapata Shane Battier na Ish Smith. Wiki saba baadaye, katika mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio Spurs waliokuwa vinara wa kanda, Battier alitupa pointi tatu katika sekunde za mwisho na Memphis ikashinda 101-98, ushindi wake wa kwanza wa mtoano tangu klabu ianzishwe. Kisha ikawatoa Spurs kabisa. Shabiki wa Memphis anayejua kuhesabu anaweza kusema namba mbili ya mwaka 2009 ilimletea mtupo ule, na sitabishana naye, ingawa najua si hesabu ambayo mtu wa Dar es Salaam ataipokea kwa furaha.

Houston alicheza mechi saba tu katika misimu miwili. Machi 2012 aliuzwa Portland Trail Blazers akiwa pamoja na Jonny Flynn, yuleyule namba sita aliyechaguliwa mbele ya Curry, ili Houston impate Marcus Camby aliyekuwa anakaribia miaka 38. Camby mwenyewe alikuwa namba mbili wa mwaka 1996. Namba mbili wa zamani, aliyechoka, alitosha kuwanunua namba mbili na namba sita wa miaka mitatu nyuma; hakuna takwimu inayosema kwa ukali zaidi thamani yao ilikuwa imeporomoka kiasi gani.

Msimu uliofuata, ambao vijiwe vyetu karibu havijui kwamba ulikuwepo, ndio ninaoupenda. Julai 2012 Thabeet alisaini Oklahoma City Thunder. Harden, namba tatu wa orodha ile, alikuwa hapo. Wangecheza timu moja, namba mbili na namba tatu, na ubishi wote ungepata uwanja wake, lakini Oktoba 27, kabla ya msimu kuanza, Harden akauzwa kwenda Houston, mji ambao Thabeet alikuwa ameutoka mwezi Machi. Thabeet akabaki nyuma ya Kendrick Perkins. Alicheza mechi 66 kwa wastani wa dakika 11.7, pointi 2.4 na rebaundi 3.0, katika timu iliyoshinda mechi 60 na kupoteza 22. Asilimia 60 hivi ya mitupo yake ilizama, kwa kuwa alitupa ile tu aliyoweza. Aliingia, akasimama njiani, akagombea rebaundi, akafanya makosa yake, akatoka. Hiyo ni kazi ya senta wa akiba, na aliifanya kwa msimu mzima ndani ya timu bora. Kama angechaguliwa katika raundi ya pili, msimu huo ungetajwa kuwa ni mafanikio ya kijana aliyetoka mbali. Uwezo ambao mashabiki walibishana miaka yote kama upo au haupo ulikuwa umeonekana wazi mbele yao. Ila ulikuwa mdogo kuliko walivyokuwa wameahidiwa, hivyo hawakuutambua.

Msimu wa 2013-14 alicheza mechi 23, na zikawa za mwisho. Agosti 2014 alihamishiwa Philadelphia 76ers wakamwacha, Detroit Pistons wakamchukua wakamwacha kabla ya msimu. Baadaye alikwenda Japani, katika timu ya Yokohama B-Corsairs, kwenye ligi inayofuata kanuni za FIBA, ambako aliruhusiwa tena kusimama chini ya ringi kadiri alivyotaka. Akiwa na miaka zaidi ya 32 alirudi Marekani kuichezea Fort Wayne Mad Ants ya ligi ya maendeleo, msimu wa 2019-20, kisha akaenda Taiwan. Mtu aliyekata tamaa ya mchezo haendi njia hiyo yote.

Jioni ile ya Upanga, kabla hatujaachana, niliuliza benchi lote Thabeet alicheza mechi ngapi NBA. Wa kwanza alisema 30. Wa pili, aliyetaka kuonekana mkarimu, alisema 70. Kijana aliyeikariri orodha ya mwaka 2009 hadi namba kumi alinyamaza. Nilipowaambia ni 224, mzee alinitaka nirudie, akazihesabu kwa vidole msimu kwa msimu, timu kwa timu, hadi akaridhika. Kisha akakusanya vikombe vyake kutoka kwenye benchi, kile kilichoanguka kikiwa cha mwisho, maana muuza kahawa alikuwa amefika na birika.